Naomba ushauri: mgonjwa wa Parkinson anahama kundi akimeza dawa

Assalaam aleikum wanajamvi, hasa madaktari na wenzangu wa fiziotherapia. Niko Lamu, ninamhudumia mzee mmoja, fundi wa milango ya nakshi. Mkono wake wa kulia ukitulia pajani, kidole gumba na cha shahada hupikichana kama anayevuta tasbihi. Akishika patasi, mtetemo hupungua. Ila akifika kizingitini miguu hunata sakafuni, naye analala ghorofani, ngazi zenyewe zile za mwinuko mkali. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Nimempima kwa MDS-UPDRS, kipimo cha alama za dalili za Parkinson: wastani wa vipengele 11 vya mtetemo, unagawanywa kwa wastani wa vipengele 5 vya mwendo na uthabiti wa mwili. Ikitoka 1.15 au zaidi, ni kundi la mtetemo (mtetemo ndio uliotawala); 0.90 kushuka chini, kundi la mwendo (shida ya mwendo ndiyo iliyotawala). Katikati hana kundi. Asubuhi kabla ya levodopa, dawa yake ya Parkinson, alipata jumla ya alama 11 za mtetemo na 4 za mwendo, yaani wastani 1 kwa 0.8, sawa na 1.25. Dawa ilipokolea, 6 na 4, kama 0.68 hivi. Mwendo haukuguswa kabisa, mtetemo tu ndio ulioshuka, na mtu yule yule akahama kundi! Nilirudia siku nyingine, ikawa vivyo hivyo.

Sasa, kwenye faili niandike kundi la kabla ya dawa au la baada? Na mazoezi ya kuzuia kuanguka nianze hata kama faili litasema mtetemo? Mimi naona nianze, lakini nataka kusikia kwa aliyeshughulikia mgonjwa wa namna hii.