Kompyuta za saiba zimekataa Windows 11, niende Linux ama nitafute zingine?

saiba_ya_nax
Wakubwa habari zenu. Niko na saiba ndogo hapa Nakuru upande wa Free Area, kompyuta sita, zote Dell na HP za i5 kizazi cha nne, RAM GB 4, zile za ex-UK, zilizotumika Uingereza kwanza. Tangu Microsoft iache kutoa apdeti za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 naambiwa tu kompyuta hii haifai Windows 11, na mashine zenyewe hazina shida, zinawaka, zinaprinti, tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen inafunguka vizuri. Aliyeniuzia anataka nimrudishie niongeze pesa nichukue zingine. Mwingine anasema ataniwekea Windows 11 ya kukreki, yaani iliyovunjwa leseni, kwa pesa kidogo. Halafu kuna kijana wa chuo cha Egerton ananiambia nitoe Windows niweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na ni ya bure. Kazi yangu ni eCitizen, kodi za KRA, mikopo ya wanafunzi ya HELB, kutaipu na kuprinti, na jioni vijana wanakuja kucheza gemu, hiyo ndiyo inanilipia stima. Sasa wateja wataweza kutumia hiyo Linux kweli? Na gemu je?

fundi_wa_kondele
Dada, usiuze hizo mashine. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, zako zilitengenezwa kabla ya hayo masharti kuwepo, basi, hakuna kilichoharibika ndani. Weka Linux Mint, aina moja ya Linux, ile nyepesi ya XFCE, toleo la 22, hilo linapata apdeti hadi 2029. GB 4 inatosha kwa brauza na kutaipu lakini ukipata pesa ongeza RAM zifike 8 na utoe zile diski za kuzunguka uweke SSD, hapo utadhani umenunua mashine nyingine.

Hiyo ya kukreki kataa kabisa. Watu wanakuja kwako wanaandika paswadi ya KRA na ya eCitizen na namba ya kitambulisho kwa kibodi yako, na wewe hujui aliyevunja hiyo Windows aliacha nini ndani. Mteja akiibiwa ni wewe atakayekuja kuuliza.

Na mimi siwaambiagi watu wahamie Linux kwa sababu ni bure, hata kreki ni kama bure. Mimi nauliza ni nani mwenye kauli juu ya mashine uliyonunua na pesa yako. Richard Stallman, mtetezi wa programu huria, aliandika leseni ya GPL mwaka wa 1989, na inasema ukipewa programu yenye leseni hiyo una haki ya kupata msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uusome, uubadilishe, umpe na mwenzako. Linus Torvalds alipoanza Linux 1991 hakukawia kuiweka chini ya leseni hiyo hiyo. Ndio maana hakuna ofisi yoyote inaweza kuamka asubuhi iseme kompyuta za Nakuru zimezeeka, kwa sababu wenye Mint wakichoka kesho watu wengine watachukua msimbo waendelee nao. Na hayo yashatokea, 2010 watu wengi waliokuwa wanatengeneza OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, hawakupenda vile mambo yanaenda wakatoka na msimbo wakaanzisha LibreOffice, na ndiyo hiyo wateja wako watakuwa wanataipia barua na CV.

ticha_maseno
Nakubaliana na fundi ila acha mashine moja ibaki Windows. Kuna zile fomu za Excel zenye makro, yaani programu ndogo ndani ya faili, za ritani za kodi na kadhalika, LibreOffice inaweza kukusumbua mteja akiwa amesimama hapo na siku ya mwisho ni leo. Hiyo moja isajili kwa ule mpango wa Microsoft wa apdeti za usalama za nyongeza, unafika hadi Oktoba 2026. Hizo zingine peleka Linux tu. Wateja hawana shida, mtu anatafuta alama ya Chrome au Firefox na akiiona haulizi kitu kingine, wanafunzi wangu ni hivyo hivyo.

mulembe_gamer
Mulembe. Kwa kazi sina neno lakini gemu mmepita haraka sana. Dada, vijana wanacheza nini haswa? EA FC za siku hizi, zile gemu za mpira, zina ile programu ya kukamata wanaocheza rafu na haikubali Linux, hata uwe na mashine ya laki mbili. Fortnite na Valorant ni hivyo hivyo. Hata hivyo EA FC na Fortnite hizo kompyuta zako hazingeziweza vizuri kwa Windows pia kwa hivyo hapo hupotezi sana.

Zile za zamani kama GTA San Andreas ndizo utazipata. Mtu atakuambia weka Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, na Proton yake inayofungua gemu za Windows ndani ya Linux, na ni kweli Valve wamefanya kazi kubwa, walitoa Proton 2018 na Steam Deck, mashine yao ya gemu ya mkononi ya 2022, inatumia Linux, lakini kwa i5 kizazi cha nne ngoja kidogo. Proton kwa kawaida inageuza DirectX, njia ya kuchora picha za gemu za Windows, kuwa njia nyingine inayoitwa Vulkan, na grafiki za Intel za umri huo hazishiki Vulkan vizuri, gemu itakataa kufunguka ama ifunguke ni weusi mtupu. Tumia Wine ya kawaida, nayo inafungua programu za Windows ndani ya Linux, lakini inapitia OpenGL, njia ya zamani kuliko Vulkan. Mimi niko Kakamega na nimesaidia vijana wa chuo cha MMUST kwa laptopu za aina hiyo, wakitoka Proton wakaingia Wine inashika.

fundi_wa_kondele
Hapo kwa Vulkan umesema vizuri mulembe. Lakini tusiishie kwa gemu za kukopesha kopesha kutoka Windows. Dada weka SuperTuxKart, mbio za magari, ukipunguza grafiki inaenda vizuri kwa mashine zako na vijana wanaweza kushindana kompyuta kwa kompyuta kwa kebo na swichi, bila bando hata moja. Intaneti ikipotea jioni nzima wewe bado unaingiza pesa. 0 A.D. pia ni tamu, vita vya falme za kale na ndani kuna Kush na Carthage za huku kwetu Afrika, ila hiyo inataka RAM iongezwe kwanza.

Na Luanti, gemu ya kuchimba na kujenga iliyokuwa inaitwa Minetest. Hapa kwangu kuna kijana wa form two alikuwa anacheza tu kuchimba mawe na kujenga, nikamwonyesha kwamba sheria za gemu zimeandikwa kwa lugha ya programu ya Lua na faili iko wazi hapo hapo. Akatafuta mahali pameandikwa gravity, nguvu ya kuvuta chini, akaweka 0.2 badala ya 1, akahifadhi, akafungua tena, na wachezaji wote wakawa wanaruka juu ya miti. Wenzake waliacha viti vyao wakaja kusimama nyuma yake. Tangu hapo hachezi bila kufungua ile faili. Sasa niambie ni gemu gani ya kulipia itamruhusu hivyo. Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari, tarehe 31 Machi 2024 na waliokuwa wameinunua wakabaki bila gemu, hata ya kucheza peke yako. Doom nayo, gemu ya kupiga risasi, ni ya 1993, msimbo wake ulitolewa 1997, na mpaka leo watu wanaicheza kwa kila aina ya mashine. Kama gemu unaipenda utataka iwe ile ambayo hakuna mtu anaweza kukuzimia.

saiba_ya_nax
Asanteni sana, hata sikutarajia majibu marefu hivi. Nimeamua hiyo HP moja ya kaunta ibaki Windows kwa KRA, mbili naanza nazo Linux wiki hii nione vijana watasema nini kuhusu hiyo ya magari. Swali la mwisho, printa ni HP ya leza na ninayo Canon ndogo, zitakubali?

fundi_wa_kondele
HP nyingi zinashikwa na HPLIP, programu ya kuendesha printa za HP, ambayo Mint inakuja nayo, Canon ndogo za leza zingine zinataka draiva uitafute kwa tovuti yao. Usibahatishe, pakua Mint, ni karibu GB 3, iandike kwa flashi na Rufus, programu ya Windows ya kutengeneza flashi za kuwashia, washa Dell ukibonyeza F12 au HP ukibonyeza F9, uchague flashi, itafunguka bila kugusa Windows. Hapo chomeka Canon na ujaribu kuprinti ukurasa, jaribu na Wi-Fi na sauti. Canon ikikataa ichomeke kwa ile ya kaunta iliyobaki Windows, na uniandikie hapa modeli nikutafutie draiva.