Mjadala: Je, ni haki kuomba nafasi mtandaoni ndipo uruhusiwe kushuka Sugiton kwa miguu?

Wakuu, salaam.

Kwa wasioijua Marseille, jiji la bandari kusini mwa Ufaransa: ukienda kusini mwa jiji, nyumba zinakatika ghafla na yanaanza majabali meupe ya chokaa yanayotumbukia moja kwa moja baharini, hadi mji mdogo wa Cassis. Katikati ya majabali hayo bahari imepenya kwa hori nyembamba ambazo wenyeji wanaziita calanque: Sormiou, Morgiou, Sugiton, En-Vau, Port-Pin, Port-Miou. Njia za miguu zinapita juu ya kuta za mawe na kuteremka kwenye hori hizo. Tangu Aprili 2012 eneo lote ni hifadhi ya taifa, lakini si hifadhi ya geti na kiingilio. Unapanda basi la mjini mpaka kampasi ya chuo kikuu ya Luminy, unashuka, unatembea.

Mzozo unaanzia hapo. Siku za joto kali Sugiton ilifikia kupokea watu 2,500 kwa siku moja, na hori yenyewe ni ndogo, changarawe kidogo na miamba ya kukalia. Mwaka 2022 hifadhi ikaweka kikomo cha watu 400 kwa siku katika kipindi cha msongamano. Unaomba nafasi mtandaoni siku chache kabla, hulipi kitu, unapewa msimbo wa QR, na askari wa hifadhi anaukagua njiani. Ukikutwa huna, faini ni euro 68.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kikomo ni sawa, na kiendelee kuwa bure. Ninachogombana nacho ni kwamba anayebanwa zaidi ni mtu wa miguu.

Nianze na kwa nini ni sawa. Wengi wanaopinga hawajawahi kuinama wakatazama chini ya misonobari ya Sugiton. Mizizi iko nje, minene, imekwanguliwa maganda na viatu, na mingine inaning'inia hewani kwa sababu udongo uliokuwa chini yake haupo tena. Kwenye chokaa udongo ni haba tangu mwanzo, umejibanza kwenye nyufa na mabonde madogo, na mvua haikai juu, inazama. Mtu anatafuta kivuli, anaacha njia, anatandika kanga yake chini ya mti. Mmoja hana madhara. Wakija mia kila siku kwa miezi miwili, hakuna mche unaochipua ukapona, na udongo waliouvuruga unasombwa na mvua za Septemba na Oktoba. Mti mzee utasimama miaka mingine kadhaa, lakini ukianguka hauna mrithi. Hata jiwe la njiani limesuguliwa na nyayo likateleza kama kizingiti cha nyumba ya kale. Nimeona vijana wenye viatu vya bei mbaya wakimalizia mteremko kwa makalio.

Na msidhani walikimbilia kikomo. Mwaka 2021 hifadhi iliamua kujisema vibaya yenyewe: kwenye tovuti yake ikaweka picha za fukwe zilizofurika watu badala ya zile za maji ya zumaridi, ikaeleza kwamba kutembea ni mbali, kupanda kunachosha na jua halina huruma. Shirika la umma linawaambia wateja wake wasije! Nilicheka sana. Mwaka uliofuata kikomo kikaja, kwa hiyo matokeo ya ule utani mnayajua.

Sasa kinachonikera. Barabara za kwenda Sormiou na Morgiou hufungwa kwa magari majira ya joto, jambo jema kabisa. Lakini ukiwa umeshika meza kwenye mgahawa wa huko chini, kizuizi kinainuliwa na gari lako linapita. Baharini nako boti za utalii zinatoka Bandari ya Kale kutwa kucha kupitisha watu mbele ya majabali yale yale. Na msinisahaulishe Gardanne. Bomba la kiwanda cha alumina cha huko (unga wa kutengenezea aluminiamu) lilimwaga tope jekundu la mabaki yake kwenye korongo la bahari mbele ya Cassis tangu miaka ya 1960 mpaka mwisho wa 2015. Yaani hifadhi ilikuwa na zaidi ya miaka mitatu na tope bado linamwagwa. Ndipo mimi naambiwa tishio ni kandambili zangu.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

Binti Ngazija: Mleta mada, unalitaja neno "bure" kana kwamba limemaliza kazi. Sisi Wangazija tuko maelfu kwa maelfu katika jiji hili, wengi mitaa ya kaskazini, upande wa pili kabisa na majabali hayo. Jumapili yetu haipangwi mtandaoni. Unaamka, shemeji anapiga simu kwamba anakuja na wanawe, majirani wanasikia harufu ya pilau, mara mko kumi na wawili na sufuria. Nafasi zikifunguliwa asubuhi mimi nipo kazini nasafisha ofisi za watu na simu iko kabatini. Mwanafunzi yuko kitandani, anabonyeza mara mbili, amepata. Mama yangu hana hata barua pepe. Kikomo cha bure nacho kinachagua watu, tofauti ni kwamba hakisemi kinamchagua nani.

Sipingi kikomo. Nataka fungu la nafasi litengwe kwa wanaofika siku hiyo hiyo kwa basi.

Mpwani wa Unguja: Dada, nakuelewa, ila njoo kwetu uone kikomo cha namna nyingine. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, ni mwamba wa matumbawe mtupu na msitu wake juu, na vijia vya miguu ndani ya msitu huo. Kinalindwa tangu 1994, na kinalindwa vizuri, sina neno baya. Nyumba za wageni ni saba tu, na wa kutwa anapokelewa ikiwa pana nafasi. Wanafunzi hupelekwa kujifunza, hilo niwape haki yao. Lakini mtu mzima wa kawaida wa Unguja kuamua tu kwamba wiki hii nakwenda Chumbe na familia? Bei inamjibu kabla hajauliza. Kwa hiyo mkuu, hilo neno bure lishikilieni kwa mikono miwili. Siku watakapowaambia euro tano tu za kusafisha njia, mjue mlango umeshafungwa.

Kobe Mpole: Mimi nipo kinyume nanyi wote. Watu 2,100 waliozuiwa Sugiton hawajakaa nyumbani, wamekwenda En-Vau na Sormiou. Mmewahamisha tu. Mwaka wa tano mtaweka kikomo na huko, wa kumi mtaomba kibali kukanyaga mchanga wowote kusini mwa Ufaransa. Tengenezeni njia, wekeni ngazi na uzio pembezoni mwa miti, watu watafuata. Binadamu hutembea palipo rahisi kutembea.

Mleta mada: Kobe Mpole, hofu yako ina msingi, ila umeihesabu kirahisi. Sugiton ilifurika kwa sababu ndiyo hori ambayo basi la mjini linakuacha karibu nayo. En-Vau ukitokea Cassis unaipita kwanza Port-Miou yenye maboti yake, kisha Port-Pin, kisha unakabiliana na mteremko wa mawe ambao wengi wakiuona wanarudi kulala Port-Pin. Watakaohamia wapo, siyo wote. Uzio nakubaliana nawe. Ngazi hapana. Ukiweka ngazi na reli juu ya jabali lile, kesho utakuwa na watu 4,000 na kibanda cha aiskrimu.

Mpwani, hilo la euro tano ndilo linaloninyima usingizi. Asante kwa kulisema kabla yangu.

Dada Binti Ngazija, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, ila nina shaka na fungu la siku hiyo hiyo. Fikiria saa nne asubuhi pale Luminy: watu mia tano kwenye jua, nafasi themanini, na familia iliyotoka kaskazini kwa mabasi mawili inaambiwa irudi na sufuria yake. Patakuwa na ngumi. Afadhali fungu hilo lipewe vituo vya kijamii vya mitaa viligawe mapema, na pawe na namba ya simu ambayo mama anaweza kupiga akahudumiwa na mtu.

Kuna jingine ambalo hata wakazi wa zamani husahau. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Septemba ofisi ya mkuu wa mkoa inaweza kufunga majabali yote kwa sababu ya hatari ya moto, na tangazo hutoka jioni ya siku iliyotangulia. Mistral, ule upepo mkali na mkavu wa kaskazini, ukivuma, msimbo wako wa QR haukusaidii. Septemba 2016 moto ulipita kwenye majabali haya na tuliuona. Kwa hiyo hata pilau la Jumapili lazima liulize hali ya kesho tangu Jumamosi jioni. Amri hiyo sijasikia mtu akiilalamikia sana, na nadhani ni kwa sababu moto hauulizi nani ana msimbo na nani hana.

Kobe Mpole: Na mwenye meza ya samaki Sormiou?

Mleta mada: Mkuu, huyo aombe nafasi kama sisi, na gari aliache mjini.

Binti Ngazija: Vituo vya kijamii sawa. Simu nayo sawa. Ila iwe simu inayopokelewa, siyo ile ya kusikilizishwa muziki mpaka salio linaisha.