Tupeane uzoefu: msongo ulikukaa sehemu gani ya mwili, na yoga ilikusaidiaje?

Mleta mada: Asubuhi hii nimejikuta jikoni mabega yamepanda hadi masikioni, nasaga meno, na chai hata haijachemka. Nikavua ndala, nikasimama wima, uzito nikaugawa nyayo zote mbili, pumzi naitoa polepole kuliko ninavyoivuta. Dakika tatu tu, taya likalegea. Nani mwingine?

Dereva wa Mbagala: Mimi shingo. Foleni hainiachi.

Mwalimu Mjane: Nilikuwa nasahihisha mitihani kifua kikanibana, vidole vikafa ganzi, nikajua ndiyo naondoka. Hospitali wakapima moyo, mzima. Daktari akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna nini?" Nikanyamaza. Mume wangu tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma.

Kuna dada akanifundisha kulala chali mkekani, miguu nimeiegemeza ukutani, huku nasikiliza kila kinachogusa sakafu: kiuno, mgongo, bega, kisogo. Nilipofika begani nikaanza kulia. Nililia mpaka kanga ikalowa. Msibani sikuwahi kulia hivyo, nilikuwa nahangaika na wageni na sufuria. Usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.

Binti Tanga: Pole sana mwalimu. Nimesoma mara mbili.

Mzee wa Hoja: Yoga ni ibada ya Kihindu, jamani. Tuwe macho.

Binti Tanga: Asili yake India na dini imo, hakuna anayekataa. Ila kulala chali na kupumua ni ibada ya nani? Mbona hata kwenye sijda paji la uso likigusa chini mwili unatulia?

Mzee wa Hoja: Sijda usiifananishe na mazoezi!

Fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo): Pumzi ya kutoka ikirefuka, mapigo ya moyo yanapungua, ndiyo maana misuli inaachia. Mwenye presha ya macho aepuke mikao ya kichwa chini. Na kifua kikibana, hospitali kwanza, kama alivyofanya mwalimu.

Dereva wa Mbagala: Mie natembea peku mchangani alfajiri, inatosha.

Mleta mada: Peku ufukweni na vile vipande vya chupa? Baki na mkeka, kaka.

Binti Tanga: Mwalimu, ukuta bado unautumia?

Mwalimu Mjane: Kila nikitoka shule. Visigino vimeacha alama mbili kwenye rangi. Mwanangu alitaka kupaka upya, nikamkatalia.