Naomba ushauri: kukadiria mediani ya mapato ya kaya Makueni

Ndugu wataalamu wa takwimu, naomba mnisaidie kukadiria jinsi mediani ya mapato ya kaya (yaani mapato ya kaya iliyo katikati kaya zote zikipangwa kwa mapato) ilivyobadilika katika Kaunti ya Makueni, Kenya, nikitumia tafiti za bajeti za kaya za KNBS, shirika la takwimu la taifa. Utafiti wa 2005/06 ulifanywa enzi za wilaya na ule wa 2015/16 ukafuata kaunti, lakini hilo halinitatizi sana, na mfumuko wa bei nitauondoa kwa fahirisi ya bei za watumiaji.

Kinachonisumbua ni mapato yenyewe. Mkulima wa Kibwezi, huko Makueni, huuza ndengu na maembe kwa msimu, hula mahindi ya shambani mwake ambayo hayafiki sokoni, na hutumiwa pesa kwa M-Pesa na mwanawe aliye Nairobi, pesa ambazo akiulizwa huenda asizitaje kabisa. Je, nitumie matumizi ya kaya badala ya mapato, ingawa mimi naona kipimo hicho huficha akiba na madeni? Na kwa kuwa sampuli ya kaunti moja ni ndogo, niiunganishe na ya kaunti jirani za Kitui na Machakos, au nitakuwa nimepoteza ninachokitafuta?