DJ uliyetafsiri Raincoat ya Ajay Devgn, umeniharibia jioni!

Wakuu, nimezima TV sasa hivi, hasira zimenijaa. DJ, yule anayetafsiri muvi kwa Kiswahili akiongea juu ya picha, simtaji jina, akipita hapa atajijua.

Wiki nzima nimemsifia mama watoto hii muvi. Niliiona zamani na maandishi ya Kiingereza chini, yeye hayawezi, nikaona bora iliyotafsiriwa. Flashi nikapeleka maktaba ya muvi ya mtaani, jero ikaenda.

Kwa ambao hamjaiona: ni ya 2004, kaiongoza marehemu Rituparno Ghosh, Mbengali, na ilibeba tuzo ya taifa kule India kama filamu bora ya Kihindi. Hakuna ngumi wala kukimbizana kwenye maua. Manoj (Ajay) katoka Bhagalpur, kazi hana, kaja Kolkata kupitia marafiki wa zamani wamchangie mtaji. Mvua inanyesha, shemeji yake, mke wa rafiki aliyefikia kwake, anamwazima koti la mvua. Anaenda kumwona Neeru, yaani Aishwarya Rai, aliyempenda akaishia kuolewa na tajiri. Basi. Karibu muvi nzima ni watu wawili ndani ya chumba, wanadanganyana. Huyu anajifanya anatengeneza tamthilia za TV, yule anasema maisha safi, watumishi wametoka tu. Wewe unaanza kunusa kidogo kidogo. Mbona giza? Mbona madirisha yamefungwa?

Sasa DJ wetu. Neeru katokea tu, hata hajakaa: "Huyu dada kafulia, kodi wanadaiwa, hapa anamzuga jamaa." Mkuu! Hiyo siri inatakiwa itoke mdomoni mwa mwenye nyumba, Annu Kapoor, anapoingia kuomba choo wakati Neeru katoka kununua chakula! Mke wangu akanigeukia: "Sasa huko mbele tunaangalia nini?" Nikakosa jibu.

Na kile kimya chao, mvua ikinyesha nje, ndiyo utamu wenyewe. DJ kakijaza salamu kwa wauza chipsi wa kwao na tangazo la duka la simu. Yakamwishia, akaanza kusimulia Ajay alivyosimama juu ya pikipiki mbili kwenye Phool Aur Kaante ya 1991. (Naipenda sana ile, ila imeingiaje hapa?) Manoj analia bafuni, yeye anasema "subirini, steringi atakunja ngumi." Ngumi ipi? Hakuna mtu anayepigwa!

Haya yote ningemeza. Kilichoniua ni mwisho. Manoj anamlipa mwenye nyumba kodi kwa zile hela za kuchangiwa, kimyakimya, anaaga, na hapo DJ kakata. "Mchezo umekwisha, tukutane kwenye kazi nyingine." Umekwisha wapi? Neeru alitoka kwenye mvua na lile koti, kuna barua kaikuta mfukoni, naye kuna kitu kaacha humohumo. Sikisemi, mimi siyo DJ. Lakini muvi inaitwa koti la mvua halafu unakata sehemu ya koti!

Mwenye nakala nzima isiyo na DJ aniambie, nitamtafsiria mwenyewe mke wangu. Yule kijana wa maktaba nimemrudia, anasema ubovu ni wa flashi yangu.