Mbunge anakula kwangu, wateja wanamzomea. Nifanyeje?

Jamani, naomba ushauri. Nina hoteli ndogo ya samaki na ugali kando ya barabara kuu. Mbunge mmoja, kati ya wale 195 waliopitisha Muswada wa Fedha wa Kenya, ule wa kuongeza kodi, tarehe 25 Juni 2024, hupitia hapa na familia yake. Analipa papo hapo, tofauti na wengine, lakini tuyaache hayo.

Juzi vijana wa meza ya pembeni walimzomea, mmoja akimrekodi kwa simu huku binti yake mdogo ameinamia sahani. Weita wangu naye akakataa kumpelekea maji ya kunawa. Kaka yake weita huyo alipigwa risasi ya mguu kwenye yale maandamano ya kupinga muswada, kwa hiyo sina mdomo wa kumkemea.

Mimi pia sikuutaka muswada ule. Mbunge aulizwe, tena kwa ukali, lakini ofisini kwake au kwenye baraza, si mbele ya mtoto anayekula. Mume wangu anasema tuwe tunampelekea chakula nyumbani. Naona huko ni kumfukuza kwa adabu.

Weita nimwambie nini bila kumlazimisha? Na wale vijana, ambao pia ni wateja wangu? Wenye hoteli, nyinyi huwa mnafanyaje?