Mfumo unajibu "imepokelewa" kumbe faili umelitupa!

Wakuu, leo nimefika mwisho.

Mimi ni karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya korosho huku Tandahimba, Mtwara. Msimu ukianza, hati za mizani zinamiminika kila siku, na kila moja lazima iskaniwe ipandishwe kwenye mfumo wa kampuni tuliyoilipa. Kupandisha moja moja kwa mkono utakesha, kwa hiyo niliandika skripti ya Python, yaani programu ndogo: inasoma folda, inatuma, inasubiri jibu, inaweka kumbukumbu.

Wiki tatu nzima majibu yote yalikuwa 200, namba ya seva kusema mambo ni sawa: "imepokelewa". Jumatatu akaja mzee mmoja na nakala yake, imekunjwa mara nne, inanuka moshi. "Mwanangu, wenzangu wameshalipwa, mimi je?" Natafuta: jina lipo, kilo zipo, hati haipo. Nafungua ya jirani yake, haipo. Nililinganisha mpaka saa sita usiku. Kila faili lililozidi MB 2 halipo!

Wanaoijua PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, wameshaelewa. Kikomo chake cha ukubwa wa faili, upload_max_filesize, kisipoguswa ni MB 2. Faili likizidi, PHP inalitupa na kumwachia mwenye mfumo kosa namba 1. Kazi yake ni kuisoma hiyo namba, basi. Hawakuisoma. Wamehifadhi jina na kilo, wakanijibu 200. Wangenikatalia kwa 413, yaani "kubwa mno", skripti ingesimama palepale siku ya kwanza. Na bando limeliwa vilevile, maana faili linasafiri lote mpaka seva ndipo litupwe.

Kuwapigia, kijana ananiambia, "Kaka, skripti yako ndiyo mbovu, tumia kivinjari." Nikalipandisha faili lilelile kwa kivinjari, mwenyekiti akishuhudia. Maandishi ya kijani: imepokelewa. Hati hakuna. Tangu hapo simu hawapokei.

Wanajua wanachonifanyia? Huku karani akisema "hati haionekani", watu wanaelewa neno moja tu: kaila. Nina watoto wanaosoma na watoto wa wakulima hawa.

Kwa sasa naskani kwa kijivu, dpi 150, ili faili liwe dogo, na skripti ikishatuma inalishusha faili tena na kulinganisha SHA-256, alama inayobadilika faili likibadilika hata kidogo. Bando linakwenda mara mbili, sina namna.

Mzee nimemwambia arudi Alhamisi. Kama kuna aliyewahi kuwabana watu wa mifumo kwa mkataba, aniambie alianzia wapi.